Muvi Ambazo Hakufa Mtu

Mwezi ukikua mimi sina kazi. Wanaonijua pale mwalo wa Kibirizi hawahitaji maelezo: dagaa hufuata taa gizani, na mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, dagaa haoni sababu ya kuifuata taa ya mtu. Basi mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kupiga soga, na mimi ninayechaji betri za taa zao nafunga kibanda siku nane, wakati mwingine kumi, nabaki nyumbani Rusimbi na televisheni. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu ya filamu. Elimu ile nyingine, ya kidato cha nne, niliipata shule ya jioni nikiwa tayari na mke, mtoto na ndevu. Cheti nimekitundika sebuleni. Kiingereza nilipata alama ambayo mwalimu aliitaja kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za mgonjwa, lakini ni alama, na ndani ya mtaa wetu mzima hakuna aliyeizidi.

Mwanzoni nilikuwa mtu wa muvi zilizotafsiriwa, kama kila mtu hapa. Dijei anakaa juu ya sauti ya Mkorea, anamfanya aongee kama konda, na mtu akifa dijei anamtania marehemu kabla hajapoa. Sikuwa na malalamiko. Mpaka siku moja jamaa mwenye duka la kurushia muvi aliponijazia flashi yangu na nafasi ikabaki, akaona asiniache na nafasi tupu, akanimwagia folda aliyoiita Za Usingizi. Hizo, alinieleza, hakuna dijei aliyekubali kuzitafsiri, na wateja wote walizirudisha. Mmoja alirudi akidai televisheni yake imeharibika, kumbe haikuharibika, ni mtu kwenye muvi alikuwa anaangalia dirishani.

Nikaiwasha ya kwanza ili nicheke. Mwanamke anatembea kwenye shamba la maua ya njano. Anatembea. Ungeweza kutoka Rusimbi ukaenda Ilagala, ukanunua samaki, ukabishana bei, ukarudi, ukamkuta hajafika mti wa pili. Lakini ile njano, ndugu yangu. Ile njano ilitoka kwenye kioo cha televisheni ikapaka kuta zangu, na nilipoangalia mikono yangu niliiona kama nimeshika mawese. Mwanamke alipofika mwisho wa shamba akakaa chini akalia bila sauti, na mimi, mtu mzima ninayebeba betri mbili kwa mkono mmoja, nikalia naye. Sikujua analilia nini. Maandishi ya chini yalikuwa yamepita haraka.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Za Usingizi, na nikawa na maoni. Mtu asiye na maoni aangalie mpira.

La kwanza katika maoni yangu ni kwamba picha nzuri ni kama mgebuka, samaki wetu wa ziwani, aliyetoka majini sasa hivi: chumvi inatosha. Wale wanaoijaza picha milio ya vinanda ili tujue kwamba sasa ni huzuni, hao wanaficha samaki aliyelala. La pili ni kuhusu mvua. Katika filamu nzito nane kati ya kumi, mtu akizikwa mvua inanyesha, na kila aliyefiwa ana mwavuli mweusi, utadhani hapo kijijini kuna kiwanda cha miavuli. Mimi nimezika watu wengi, na wengi wao nimewazika jua likiwaka na ziwa likimeta kama halina habari, na hiyo ndiyo inayouma. Mtengenezaji atakayezika mtu kwenye jua kali, huyo nitamvulia kofia. La tatu: bluu. Wenzetu wanahangaika na mitambo mpaka wapate bluu ya maji ya saa kumi na moja jioni, wanapewa zawadi, wanalia jukwaani. Sisi bluu hiyo tunayo kila siku kutoka hapa hadi milima ya Kongo, na tunaigeuzia mgongo tukigeuza dagaa kwenye vichanja.

Mke wangu alikuwa na oni moja tu. Aliniuliza kama misiba ya Rusimbi hainitoshi.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mimi na misiba yangu ya kigeni, mama mkwe alipokuja kutoka Kagunga kwa boti.

Huyu ni mama ambaye amefanya biashara ya mawese na dagaa tangu mke wangu hajazaliwa. Amevuka kwenda Burundi na kurudi mara nyingi kuliko boti yenyewe. Nilipooa niliambiwa aliwahi kumfukuza kiboko kwa mwiko. Mwaka uliofuata nilisikia viboko walikuwa wawili, na sasa, kwa juhudi zangu mwenyewe, wamefika watatu. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama maji yaliyolowekewa muhogo, la kushoto likilifuata. Alikuwa akiona mwanga na vivuli basi. Mwezi uliotangulia alikanyaga kikaango cha moto uani kwake akidhani ni mfuniko, na wajukuu alikuwa akiwatambua kwa kuwashika vichwa. Mganga wa zahanati alimwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili yanatibika, aende hospitali mjini apasuliwe, kwanza moja, baadaye la pili.

Alikuja, lakini hakuja kupasuliwa. Alikuja ili watu waache kumsumbua kwamba hajaja. Kuna jirani yake Kagunga aliyemweleza jinsi upasuaji unavyofanywa: jicho linatolewa, linaoshwa kwenye beseni, linarudishwa. Na ukipiga chafya jicho likiwa bado kwenye beseni, basi, limekwenda. Mke wangu alimweleza kwa upole, kwa ukali na kwa Kiha, na kila mara mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hapo hospitali kuna vumbi la kumfanya mtu apige chafya.

Usiku mke wangu hakulala. Aliniambia mama akirudi Kagunga hivi alivyo, siku moja atatoka uani kwenda kuchota maji na atalifuata ziwa mpaka ndani.

Sasa, kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wakatazamana. Ni heshima. Mimi humsalimu nikiwa nje ya mlango, naye huitikia bila kugeuka. Ila nyumba yetu ina sebule moja na televisheni moja, na mwezi ulikuwa mpevu. Mke wangu akalimaliza jambo kwa kamba: akaifunga ukutani chini ya televisheni, akaivuta mpaka ukuta wa pili, akatundika khanga tatu. Upande ule mama na kiti chake, upande huu mimi na mkeka wangu, na televisheni juu, kila upande ukiiona. Nilidhani nitaangalia kimya kimya huku yeye akisinzia.

Mchana wa kwanza tu, nikiwa katikati ya filamu moja ya watu wa milimani, sauti ikatoka ng'ambo ya khanga.

"Wanasema nini hao?"

Alikuwa anamuuliza binti yake, si mimi. Mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba yeye hajui, aulizwe mwenye cheti ukutani.

Basi nikaanza kusoma maandishi ya chini na kuyageuza Kiswahili kwa sauti, nikiangalia mbele kwa adabu zote, kama mtu anayejisomea mwenyewe kwa bahati mbaya. Niliyoyaelewa niliyasema. Nisiyoyaelewa niliyasema vizuri zaidi. Mama akaacha kusinzia. Alikuwa akiguna mahali pa kuguna, na bibi mmoja wa kwenye filamu alipolazwa kwenye kitanda cheupe ili apone, na asipone, ng'ambo ya khanga nikasikia pua ikipengwa.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yake ya kwenda kupimwa. Hakutoka chumbani. Alimwambia binti yake kwamba vitanda vyeupe amekwisha kuvisikia.

Jioni mke wangu alinikuta uani, akasimama mbele yangu na mwiko mkononi, na damu ya yule mfukuza viboko niliiona usoni pake.

"Baba watoto," akasema, "kuanzia leo, katika muvi zako asife mtu."

Nikamwambia haiwezekani, hizi ni filamu nzito, bila kufa zinabaki nyasi tupu. Akasema basi zibaki nyasi.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na mimi nimebeba jenereta begani kutoka mwaloni mpaka stesheni bila kupumzika, au tuseme nilipumzika mara moja. Kila aliyekufa ilinibidi nimpeleke mahali. Aliyepigwa risasi nilisema amechoka na safari, ameona ajilaze. Aliyezama mtoni alikuwa anaogelea kwenda kwa shangazi yake. Waliozikwa wote niliwasafirisha Tabora kwa treni, na nadhani kwa wiki ile moja niliijaza Tabora watu kuliko ilivyowahi kujaa. Mama akauliza mbona wanaobaki wanalia hivyo. Nikamjibu kwamba wenzetu wanapenda sana jamaa zao, hata safari fupi inawauma. Akauliza mbona wote wana nguo nyeusi, vivuli vyao anaviona. Nikasema ni sare ya kusindikiza.

Na kwa kuwa hadithi nilikuwa nimezivunja miguu, nguvu zangu zote nikazitia kwenye picha. Hapo ndipo nilipochanua. Nilimweleza mama machweo ambayo mtengenezaji mwenyewe angetamani ayapige. Nilimweleza theluji, kwamba ni kama unga wa muhogo umeanikwa nchi nzima na hakuna kuku wa kuudonoa. Nilimweleza rangi ambazo televisheni yangu haina uwezo nazo.

Filamu iliyomshika ni ile ya kioo. Katika folda nzima ndiyo bora, na ndiyo nzito kuliko zote. Mzee mmoja amefiwa na mkewe. Kioo kikubwa cha kabati la marehemu anakibeba mgongoni, anakipeleka kwa binti yao aliyeolewa mbali, ng'ambo ya vilima. Hakuna zaidi. Mzee haongei. Lakini kile kioo mgongoni mwake kinabeba kila anachokipita: mawingu, mbuzi, moshi wa tanuri la matofali, askari kwenye lori, mwanamke anayeanika nguo. Mzee anatazama mbele, hajui kwamba mbingu nzima inamfuata mgongoni. Anafika, na anaonyeshwa kaburi la binti. Anakiegemeza kioo kwenye mti kando ya kaburi, anakaa. Mwisho. Nilikuwa nimeiangalia mara tisa, na mara tisa nimelia mpaka fulana inabidi ianikwe.

Kwa mama, bila shaka, binti alikuwa Tabora na angerudi Jumamosi. Lakini kioo nilikitendea haki. Nilisema ni kikubwa kama mlango wa kanisa. Nilisema mawingu ndani yake yana rangi saba, na kwamba kuna mahali mbuzi wanapita wamekuwa bluu kwa sababu ya anga. Mama akasema rudia. Kesho yake akasema rudia ile ya kioo. Siku nne mfululizo. Siku ya nne aliniuliza mwenyewe, si kupitia kwa binti yake, swali ambalo alikuwa hajawahi kuniuliza tangu nioe.

"Mkwe, hao mbuzi, bluu yao ni ya ziwa asubuhi au ya ziwa jioni?"

Nikafikiri. Nikasema ya asubuhi, upepo ukiwa haujaanza.

Halafu akamwita binti yake na kumwambia kwamba la kulia atalitoa. La kushoto itategemea. Akilitoa la kulia na akakiona kioo hicho kwa macho yake, na kikawa kama alivyosema mkwe, la kushoto atawapa bila kuombwa. Kikiwa uongo, anarudi Kagunga na hilohilo moja, na mtu asimfuate.

Mke wangu alifurahi mpaka akakaanga samaki wa wiki nzima. Mimi wangu niliwagawia watoto. Kwa nini niliwapaka mbuzi wa watu rangi?

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko foleni. Hakuna aliyeona beseni, na hakuna aliyepiga chafya, ingawa mke wangu anasema mama aliingia amejibana pua kwa vidole viwili na hakuiachia mpaka alipoambiwa tayari. Kesho yake asubuhi bandeji ilifunguliwa. Nilikuwa nimesimama mbali, kwenye kona ya jengo, kwa heshima, lakini nilisikia. Mama alimwangalia binti yake juu mpaka chini, akamwambia amenenepa vizuri, ila kile kilemba hakiendani na gauni. Kisha akatazama kule kwenye kona, akauliza kama sauti ile yote inatoka mwilini humo. Wagonjwa wengine walicheka, na nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilicheka pia.

Alipewa dawa ya matone na kinga ya plastiki, akakatazwa kuinama na kukaa penye moshi. Zile siku za kuambiwa atulie ndizo nilizozitumia kutafuta njia ya kutokea. Nilisema flashi imepotea. Mke wangu akaitoa mfukoni mwa suruali yangu. Nilikwenda kwa yule jamaa wa duka, nikamuuliza kama anaweza kuikata filamu dakika kumi za mwisho. Alisema kukata anaweza, ila hajui kushona. Nikamuuliza kama anaweza kuwatia mbuzi bluu. Alinitazama kama mtu anayejiuliza ni nani wa kumpigia simu.

Nikamwomba mke wangu amwambie mama ukweli. Akasema aliyewapeleka watu Tabora ndiye atakayewarudisha.

Jumapili mchana mama akakaa upande wake, mimi wangu, mke wangu kizingitini ambako aliona pande zote mbili. Nikaiwasha. Mzee akatokea, akakibeba kioo, na pale pale nikaona kwa mara ya kwanza jinsi kilivyo kidogo. Mlango wa kanisa wapi. Ni kioo cha kabati, na kona ya juu kina ufa. Mawingu yakapita, yana rangi mbili, labda tatu ukiyahurumia. Mbuzi wakapita. Walikuwa wa kahawia, kahawia kabisa, mbuzi wa kawaida ambao ungewakuta wanakula maboksi pale sokoni. Nilisoma maandishi ya chini kwa sauti iliyokuwa ikipungua.

Mzee akafika. Watu wakamwongoza mpaka kaburini.

"Hapo anaambiwa kwamba binti amesafiri kwenda Tab—"

"Mkwe, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Mzee akakiegemeza kioo kwenye mti, akakaa chini. Nikiri kwamba hata hapo, na aibu yangu yote, machozi yalikuwa yameanza safari yake ya kawaida.

"Binti amekufa," mama akasema. "Na yule aliyechoka na safari, na yule wa mtoni, na wote uliowapakia kwenye treni. Nilijua tangu siku ya kwanza. Masikio hayaoti mtoto wa jicho."

Nikamwomba radhi. Nilisema nilidhani nikimwambia wamekufa ataogopa. Alisema nirudishe nyuma kidogo, pale kioo kinapowekwa kwenye mti. Nikarudisha. Akasema simamisha. Nikasimamisha.

"Na hawa, mbona hukunieleza?"

"Akina nani, mama?"

"Hawa walio ndani ya kioo."

Niliangalia. Mzee, kaburi, mti, kioo. Ndani ya kioo, kilima na njia. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa televisheni. Pale chini kabisa kwenye kona, wadogo kama dagaa, kulikuwa na mstari wa watu wanaoteremka ile njia ya kilima. Nikarudisha tena, nikaiacha iende, na kweli walikuwa wanatembea. Wanawake. Nilikuwa nimeiangalia ile filamu mara tisa, na mara nyingi nyingine za kumsomea, na kila mara nilikuwa nikimwangalia mzee na kulia.

Mama hakuhitaji kusogea. Alikuwa ameketi pale pale na jicho lake moja, akiwasoma mmoja mmoja kama mtu anayewajua. Huyu wa mbele ana kuni kichwani. Anayemfuata ana chungu, tena kizito, mwangalie shingo. Yule ana mkeka uliokunjwa. Mwenye mkeka ndiye atakayelala.

"Hao wanakuja msibani," akasema. "Huyu mzee leo halali peke yake."

Mke wangu alikuwa ameiacha mboga motoni na hakuikumbuka. Mimi nilikuwa nikiitafuta ile huzuni yangu niliyoizoea, nikakuta wale wanawake wameikalia. Filamu ile ile, mzee yule yule, kaburi lile lile, na sasa nilikuwa nalia kwa namna nyingine kabisa, kama anayelia kwenye harusi. Inabidi niseme hapa kwamba maoni yangu mengi kuhusu filamu nzito niliyafuta siku hiyo. Nilikuwa nikidhani kazi ya filamu nzito ni kukukalisha na mtu aliyebaki peke yake mpaka uelewe. Huenda ziko za namna hiyo. Lakini siku hizi kabla sijalia huwa naangalia kwanza kona zote nne.

Mke wangu ndiye aliyekumbuka jambo lenyewe. Aliuliza kwa sauti ya mtu asiye na haraka, na nilijua moyo wake unavyokwenda kwa sababu wangu ulikuwa ukienda hivyo hivyo.

"Na la kushoto, mama?"

Mama alianza kunihesabia. Kioo ni kidogo. Kina ufa, na ufa hakuambiwa. Mawingu hayafiki rangi saba. Mbuzi ni mbuzi. Aliyataja yote kwa utaratibu na bila hasira, na kila alilotaja nililiona likilipeleka lile jicho la kushoto mwaloni, likilipandisha boti, likilirudisha Kagunga. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamwambia nini mke wangu, maisha yetu yote yaliyobaki, kila simu itakapolia kutoka kule.

"Basi ni uongo, mama," nikasema. "Nilizidisha."

"Ulizidisha," akakubali. "Na bado hukuona. Mtu ana macho mawili, ana cheti ukutani, wanawake saba wamempita mbele ya uso wakiwa na kuni, hakuwaona. Mimi nimewaona kwa moja, tena jipya, lina siku sita." Akatua, nikasikia anajiweka sawa kitini. "Nataka nijue nikiwa na mawili nitaona nini."

Mke wangu alikwenda jikoni haraka. Tulimsikia anafunua sufuria na kulifunika, anafunua na kulifunika, na mboga iliyoungua ilinukia nyumba nzima.

La kushoto lilifanywa mwezi uliofuata. Safari hiyo mama aliingia bila kujibana pua, na tulipomfuata kesho yake tulimkuta kwenye benchi la wagonjwa akimweleza mama mmoja wa Ujiji, aliyekuwa anaogopa, kwamba hakuna beseni, beseni ni maneno ya watu wa Kagunga. Alikaa kwetu mpaka mbalamwezi nyingine, kwa sababu za kiafya, alisema, ingawa daktari alikuwa amekwisha kumruhusu aende.

Tulizirudia Za Usingizi zote, moja baada ya nyingine. Waliokufa walikufa. Mama hakuogopa vifo, alivitabiri. Mtu anatokea tu mlangoni, mzima, anacheka, mama anasema huyu hafiki jioni, na kweli hafiki. Ile ya maua ya njano alisema mwanamke analia kwa sababu viatu ni vya mtu mwingine, mwangalie anavyokanyaga, na nilipofuatilia maandishi vizuri nikakuta ni vya dada yake marehemu. Mimi nilibaki na kazi yangu ya kusoma. Siku moja niliteleza kidogo, ni mazoea, nikaanza kueleza jinsi mto unavyong'aa kama shaba iliyoyeyushwa kwenye tanuri la malaika.

"Mkwe," akasema, kwa upole kabisa, "wewe soma maandishi. Picha niachie mimi."